Tamko la Kampala: Anayepimwa Kutoka Angani Ana Haki ya Kujua

Sisi wanachama wa chama kinachowaunganisha wachoraji, waigizaji, wapiga ngoma, walimu wa fizikia, wahandisi na wafuatiliaji wa sera za umma hapa Kampala, tunatoa tamko hili kwa wananchi wa Uganda, kwa Serikali na Bunge, kwa vyuo vikuu, na kwa wasanii wenzetu wa Afrika Mashariki. Tunalitoa kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na pia kwa kuwa baadhi yetu tulifika Nsambya na Katwe tukitokea Goma na Bukavu, na lugha hii ndiyo iliyotuwezesha kuketi meza moja na wenyeji wetu.

Msimamo wetu ni huu. Setilaiti zimekwisha kuingia katika maamuzi yanayogusa chakula, ardhi, maji na usalama wa watu wa Uganda, lakini watu wenyewe bado hawajaingia katika maamuzi hayo. Wanasayansi peke yao hawawezi kuliziba pengo hilo, wala sheria peke yake haitoshi. Sanaa iwekwe ndani ya sera ya anga tangu siku ya kwanza, ikiwa na fungu lake la fedha na watu wake wenye mamlaka, badala ya kuitwa mwishoni kuja kuchangamsha hafla.

Kijani si chakula

Tunaanza na Karamoja, maana ndiko jambo hili linakoonekana wazi kuliko kwingine. Katika awamu ya tatu ya NUSAF, mpango wa Serikali wa kuinua maisha ya watu wa kaskazini, uliwekwa utaratibu wa kutoa fedha za dharura za ukame kwa kufuata vipimo vya setilaiti. Utendaji wake unaeleweka kwa mtu yeyote akielezwa vizuri. Mimea hai hunyonya nuru nyekundu ya jua na kurudisha kwa wingi nuru ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Setilaiti hupima tofauti ya nuru hizo mbili, eneo kwa eneo, kisha kipimo cha msimu huu hulinganishwa na wastani wa misimu kama huu ya miaka iliyopita. Kikishuka chini ya mstari uliokubaliwa, fedha za kazi za umma hufunguliwa ili kaya zipate kipato kabla njaa haijapiga hodi.

Tunauunga mkono utaratibu wa namna hii. Hausubiri mizoga ya ng'ombe ihesabiwe ndipo msaada utoke, wala hautegemei nani anajuana na nani ofisini. Lakini kijani si chakula. Vichaka vya miiba huchipua baada ya mvua moja, na setilaiti ikaona nchi imestawi. Nyasi zinaweza kuwa tele mahali ambapo mchungaji hathubutu kupeleka mifugo kwa kuhofia wavamizi. Kundi linaweza kuangamizwa na homa ya mapafu katikati ya malisho mazuri. Mchungaji wa Kotido anayajua yote haya. Je, mstari ulipowekwa, nani alimuuliza? Na fedha zilipofunguliwa katika wilaya moja zikakosekana katika nyingine, nani alikwenda kumweleza sababu kwa lugha yake ya Ngakarimojong, kwa maneno anayoweza kuyapinga?

Wazee wa Karamoja wana desturi ya kusoma utumbo wa mbuzi ili kutabiri ukame, maradhi au uvamizi. Hatudai kwamba utumbo wa mbuzi ni kipimo cha mvua. Tunachosema ni kwamba jamii iliyozoea kuketi pamoja, kutazama dalili na kubishana hadharani juu ya maana yake haistahili kupelekewa uamuzi uliokwisha kukatwa mahali pengine. Mkutano huo wa wazee, akiriket, ni baraza kamili la sera. Kinachokosekana hapo ni namba za setilaiti zikiwa katika umbo linaloweza kujadiliwa.

Umbo hilo ndilo kazi ya sanaa, na Uganda haianzi upya. Katika miaka ya 1960 kikundi cha maigizo cha wanafunzi wa Makerere kilizunguka mijini na vijijini kikicheza kwa lugha mbalimbali, mbele ya watu ambao hawakuwa wamewahi kukanyaga ukumbi wa maigizo. Baadaye Rose Mbowa, mwalimu na mwigizaji wa hukohuko Makerere, aliendeleza maigizo ya kijamii ambamo watazamaji hushiriki kutafuta jibu. Tunataka njia hiyo itumike hapa. Mwigizaji mmoja ashike kamba inayowakilisha mstari wa ukame. Aipandishe, aishushe, na kila mara watazamaji waone ni kaya zipi zimeingia katika msaada na zipi zimetoka. Mtu yeyote aweze kusimama na kusema: kamba hiyo imewekwa chini mno, sisi tulikwisha kuuza mbuzi wa mwisho kabla haijaguswa. Maneno hayo yaandikwe, yapelekwe kwa mtaalamu anayepanga kipimo, naye ajibu. Bila jibu lake, igizo litakuwa limewapotezea watu siku yao.

Swali la Bogotá

Kuna watu watakaosema kwamba anga ni mambo ya mataifa makubwa na Uganda haina cha kudai huko. Historia yetu inasema vingine. Tarehe 3 Desemba 1976, wajumbe wa nchi za ikweta walitia saini tamko mjini Bogotá, Colombia. Uganda ilikuwamo, pamoja na Kenya, Zaire, Congo, Brazil, Colombia, Ecuador na Indonesia. Walidai kwamba sehemu ya mzingo iliyo juu ya nchi zao, kilomita 35,786 kutoka ikweta, ni mali yao ya asili. Katika mzingo huo setilaiti huizunguka dunia kwa mwendo unaolingana na mzunguko wa dunia yenyewe, hivyo mtu aliye chini huiona kama imesimama palepale, na hilo linawezekana juu ya ikweta peke yake. Ndiyo maana madishi ya televisheni kwenye mapaa ya Kampala hutazama karibu juu kabisa, ilhali ya London huelekea kusini yakiwa yameinama. Msafiri anayesimama Kayabwe, barabara ya Masaka, kupiga picha kwenye alama ya ikweta, amesimama chini ya njia yenye thamani kubwa kuliko barabara yoyote ya lami.

Madai yale hayakukubaliwa. Mkataba wa Anga wa 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha anga za juu, na sisi tunaona katazo hilo ni la haki. Hata hivyo sauti za nchi zisizo na roketi hazikupotea bure. Mikutano ya shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, ya 1985 na 1988 ilitoka na mpango wa kuitengea kila nchi nafasi katika mzingo ule, iwe imefika angani au haijafika. Wajumbe wa Bogotá walikosea katika sheria, lakini swali lao lilikuwa halali: wanaoishi chini ya kitu wana sauti gani juu yake?

Swali hilo Uganda iliyauliza mataifa makubwa. Leo tunalirudisha nyumbani. Mkulima wa Bududa, mvuvi wa Katosi na mchungaji wa Kotido wana haki ya kuiuliza Kampala swali lilelile ambalo Kampala iliuliza Bogotá.

Mwaka uliofuata tamko la Bogotá, 1977, Marekani ilirusha vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja kikiwa na santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu za wanadamu kwa lugha 55. Kiswahili hakimo. Kiganda kimo. Mwaka huohuo Byron Kawadwa, mtunzi wa tamthilia kwa Kiganda na mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maigizo hapa Kampala, aliuawa na utawala wa Idi Amin baada ya kurejea kutoka tamasha la FESTAC mjini Lagos. Tunayataja mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Kiganda kilipewa nafasi katika chombo kinachoelekea kwenye nyota, huku aliyekitumia jukwaani akinyimwa uhai. Kwa hiyo tunapoitaka Serikali iingize sanaa katika sera ya anga, tunamaanisha sanaa yenye uhuru wa kuuliza, kukosoa na kukataa. Sanaa ya kusifu miradi hatuihitaji, wala wananchi hawaihitaji.

Setilaiti yetu ya kwanza, na zitakazofuata

Tarehe 7 Novemba 2022 roketi ya Antares iliruka kutoka Wallops, Virginia, ikiwa imebeba PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda. Tarehe 2 Desemba iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu, pamoja na ya Zimbabwe. Walioijenga ni wahandisi watatu Waganda, Edgar Mujuni, Bonny Omara na Derrick Tebusweke, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wenye kamera ya kutazama mimea, udongo na maji, na kituo cha kuwasiliana nayo kikawa Mpoma, wilaya ya Mukono. Tunawapongeza wahandisi hao bila kubakiza neno. Vijana wengi wa nchi hii walijifunza kwa mara ya kwanza kwamba mtu aliyesoma Uganda anaweza kutengeneza kitu kikaenda angani na kikafanya kazi.

Setilaiti ndogo kama ile haziwi na maisha marefu. Baada ya mwaka mmoja au miwili hushuka zikaungua hewani. Ndipo linapokuja suala la zitakazofuata. Setilaiti huzaliwa siku kazi yake inapochaguliwa. Itazame nini? Misitu ya Mabira au mitaro ya Bwaise? Mashamba ya kahawa au nyufa za udongo kwenye miteremko ya Elgon, ambako maporomoko ya Machi 2010 yalizika kijiji cha Nametsi? Hayo si maswali ya uhandisi tu. Anayeyajibu anaamua shida ya nani ionekane kwanza. Wahandisi wetu watatu wa kwanza wote walikuwa wanaume, na hilo hatuwalaumu wao. Lakini kuchagua kazi ya setilaiti ijayo bila mwanamke anayechota maji bwawani, bila mtu mwenye ulemavu, bila mkazi wa bondeni, litakuwa kosa ambalo nchi imelifanya ikijua.

Hapa Kampala tayari kuna fani inayofaa kazi hii, na hatujaona sera yoyote ikiitaja. Katika vibanda vya video vya Kisenyi, Katwe na Bwaise, wasimulizi waitwao ma-VJ, kama VJ Jingo, wamewasimulia watu filamu za kigeni kwa Kiganda kwa miaka mingi. VJ hatafsiri neno kwa neno. Husimamisha jambo, hulieleza, hulipa jina la mtaa, huwauliza watazamaji kama wangefanya vile. Matangazo ya NASA ya safari ya PearlAfricaSat-1 yalikuwa kwa Kiingereza. Setilaiti ijayo itakaporushwa, tunataka ma-VJ waketi na wahandisi wiki kadhaa kabla, wajue kila hatua ya roketi na hatari yake, kisha wairushe habari hiyo vibandani moja kwa moja. Walipwe kwa kazi hiyo kama anavyolipwa mshauri yeyote wa kitaalamu.

Wasimulizi waliitunzia sayansi kumbukumbu kabla hata ya kuwapo kwa wizara yake. Huko Biharwe, karibu na Mbarara, pana mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua kulikotokea Omukama (mfalme) Olimi wa Bunyoro alipokuwa akirudi na ng'ombe alioteka. Giza lilipoingia mchana, jeshi lake lilikimbia likaacha mifugo, na watu wa Nkore wakasimulia habari za ng'ombe walioanguka kutoka angani. Simulizi hiyo ilipita midomoni kwa vizazi, na wanahistoria wakaitumia kukadiria miaka ya wafalme. Wengi huitaja tarehe ya 1520, ingawa ubishi haujaisha. Aliyehifadhi data hiyo alikuwa msanii. Na tarehe 14 Agosti 1992, mawe ya kimondo yaliponyesha juu ya Mbale, jiwe dogo la gramu chache lilipenya majani ya migomba na kumgonga mvulana kichwani bila kumdhuru, kwa kuwa majani yalikuwa yamekwisha kulipunguza kasi. Kisa hicho kinafundishwa na wataalamu wa vimondo duniani kote. Kinapaswa kufundishwa pia na walimu wa Mbale, kwa Lumasaaba, wakiwa na wimbo na picha.

Ziwa katika amadinda

Siku nne kabla ya mawe yale ya Mbale, tarehe 10 Agosti 1992, ilirushwa setilaiti ya TOPEX/Poseidon, ya Marekani na Ufaransa. Iliundwa kupima bahari kwa rada, lakini ilipopita juu ya Ziwa Victoria ilipima pia kimo cha maji yetu, na setilaiti zilizoifuata zimeendelea na kazi hiyo hadi leo. Kabla ya hapo kimo kilisomwa kwa vijiti vya vipimo ufukweni, Entebbe na Jinja, tangu mwishoni mwa karne ya 19. Tuna, basi, historia ya ziwa ya zaidi ya miaka 120 katika namba.

Ndani ya namba hizo mna tamthilia nzima. Maji yalishuka sana mnamo 1923. Kati ya 1961 na 1964 yalipanda kwa zaidi ya mita mbili, yakameza gati na mashamba. Mwaka 2006 yalishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ile ya 1920, Kampala ikakaa gizani kwa mgawo wa umeme. Wataalamu walieleza kwamba ukame ulikuwa sababu moja tu. Sehemu kubwa ilitokana na maji mengi kupita kiasi kuachiliwa kwenye mabwawa ya Owen Falls na Kiira, kinyume na mkataba wa zamani unaopanga kiasi cha maji ya kutoa kulingana na kimo cha ziwa. Kisha Mei 2020 maji yakapanda tena, yakavuka rekodi ya 1964, na nyumba za wavuvi zikaingiliwa kila upande wa ziwa, Uganda, Kenya na Tanzania. Humo mna mvua, mna bwawa, mna mkataba, mna serikali na mna mvuvi. Mwananchi akiupata mfululizo huo wote kwa pamoja, ataelewa sera ya maji vizuri kuliko kwa hotuba kumi.

Chama chetu kimeanza kuupa mfululizo huo sauti kwa amadinda. Marimba hayo ya Buganda yana mbao 12 na hupigwa na watu watatu, wawili upande mmoja na mmoja akiwakabili. Kimo cha chini kabisa kimepewa ubao mzito, cha juu kabisa ubao mwembamba, na kila mwaka una pigo lake. Mpigaji wa kwanza anabeba kimo cha ziwa. Wa pili anabeba mvua. Wa tatu anabeba maji yaliyoachiliwa bwawani. Miaka ya 1961 hadi 1964 inapofika, msikilizaji hahitaji grafu kujua kwamba kitu kimepasuka. Na inapofika 2005, mpigaji wa tatu anaanza kuwaacha wenzake, sikio likaulizia sababu.

Tunasisitiza kwamba hii si burudani iliyopachikwa juu ya sayansi. Mwanafizikia wa anga Wanda Díaz-Merced, wa Puerto Rico, alipoteza uwezo wa kuona akiwa bado masomoni. Alitafuta njia ya kugeuza data za nyota kuwa sauti ili aendelee na utafiti, akafanya sehemu ya kazi hiyo Cape Town, katika ofisi ya umoja wa wanaastronomia duniani inayoshughulikia maendeleo. Amekuwa akieleza kwamba sikio hugundua mipangilio ambayo jicho huipita, hivyo hata watafiti wanaoona hufaidika. Uganda ina wapiga amadinda, endingidi na adungu waliofunza masikio yao tangu utotoni. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kinafundisha fizikia ya anga. Watu hawa wakutanishwe, nao wapewe muda na mshahara.

Kuhusu viziwi tunasema kwa ufupi kwa sababu haki yao imekwisha kuandikwa. Katiba ya 1995 inaielekeza Serikali kukuza lugha ya alama. Bunge lina viti vitano vya wawakilishi wa watu wenye ulemavu, na Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia humo mwaka 1996. Uganda iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na ina sheria yake ya 2020. Kilichobaki ni utekelezaji. Alama za setilaiti, mzingo, kupatwa kwa jua na ukame unaopimwa kwa setilaiti zibuniwe na viziwi wenyewe wakisaidiwa na wanasayansi, zirekodiwe, na zitumike katika kila tangazo la tahadhari la televisheni. Kadhalika wakimbizi wa Bidi Bidi, makazi yaliyofunguliwa Yumbe mwaka 2016, ambao mapaa yao huhesabiwa kwa picha za angani: waonyeshwe picha hizo, waruhusiwe kuzisahihisha.

Tunachokitaka

Wizara ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu iko chini ya Ofisi ya Rais. Utamaduni uko chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na sera yake ya taifa iliandikwa 2006, miaka 16 kabla ya setilaiti yetu kuruka. Tunataka wizara hizo mbili zianzishe dawati moja la pamoja, lenye msanii na mwanasayansi wa kudumu, na asilimia 2 ya gharama ya kila mradi wa anga unaolipiwa na umma itengwe kwa ajili ya kuufikisha kwa wananchi kwa njia ya sanaa. Kazi ya kila setilaiti ijayo isikilizwe kwanza na umma katika kanda nne za nchi kabla ya kuamuliwa. Na popote ambapo kipimo cha setilaiti kinafungua au kufunga fedha za umma, sheria iwalazimishe wahusika kukieleza kipimo hicho kwa lugha ya eneo, kwa sauti na kwa lugha ya alama, na kusikiliza pingamizi.

Tunajua tutaambiwa kwamba wasanii waachane na sera. Sam Ntiro alichora na kufundisha sanaa Makerere, kisha Tanganyika ilipopata uhuru akaiwakilisha kama balozi London. Gregory Maloba, wa shule hiyohiyo ya sanaa, ndiye aliyechonga mnara wa uhuru unaosimama katikati ya Kampala tangu 1962. Nchi hizi zilipokuwa zikijitafutia sura, ziliwaita wasanii na wasanii wakaitika.

Wasanii nao tunawabana. Igizo linalokosea kipimo linaweza kumfanya mkulima apande wakati mbaya. Kwa hiyo kila kazi inayotumia namba ipitiwe na mwanasayansi, naye awe na haki ya kusahihisha namba. Haki ya kufuta maswali asiwe nayo. Wanachama wetu wamekubali kwamba hakuna atakayepokea fedha za mradi wowote wa anga akikatazwa kuukosoa.

Maabara, makumbusho na vyuo vifunguliwe. Jumba la Makumbusho la Uganda lililoanzishwa 1908 na lililoko Kitante tangu 1954 linajulikana kwa ala zake za muziki; ndipo mahali pa kuweka chumba cha anga chenye vitu vya kushikwa kwa mikono na kusikilizwa. Picha za setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa bure tangu 2008, na za Sentinel za Ulaya ni bure pia, zikiwamo za rada zinazoweza kuonyesha ardhi ikisogea kwa sentimita chache. Dampo la Kiteezi liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Tunataka mamlaka ya jiji itangaze kwa umma vipimo vya namna hiyo kwa kila dampo na kila mteremko wenye makazi, na wachoraji wetu wako tayari kuvigeuza kuwa michoro ya ukutani ambayo mkazi atapita mbele yake kila asubuhi.

Kuna tarehe ambayo haitamsubiri mtu. Jumatatu, 2 Agosti 2027, jua litapatwa. Njia ya giza kamili itapita kaskazini mwa Afrika hadi Somalia, na karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6. Uganda itaona sehemu ya jua ikifunikwa, na kupatwa kwa sehemu ndiko kunakoharibu macho, kwa kuwa jua haliachi kuchoma hata likimegwa. Tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa Pakwach, wageni walimiminika na Rais alikuwapo. Safari hii tunataka matayarisho yaanze kwa mtoto wa shule: miwani salama, vipindi vya redio kwa lugha zote kuu za nchi, nyimbo zinazofundisha namna ya kutazama. Kwa wasioona kipo kifaa kidogo kinachogeuza mwanga kuwa sauti, ambacho Díaz-Merced alishiriki kukibuni na ambacho michoro yake iko wazi kwa wote. Jua linapofunikwa, sauti hushuka. Wanafunzi wa Makerere na Kyambogo wanaweza kuvitengeneza, na chama chetu kitachangisha fedha za vipuri ili kila shule ya wasioona nchini ipate kimoja.

Tamko hili linawasilishwa kwa wizara zote mbili zilizotajwa, kwa Bunge na kwa mamlaka ya jiji. Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 90. Tutayasoma hadharani kwa Kiganda, kwa Kiswahili na kwa lugha ya alama, yawe ya kukubali au ya kukataa, na baada ya hapo tutayapeleka Moroto na Kotido pamoja na waigizaji wetu.

Limetolewa Kampala, kwa niaba ya wanachama wote.